Safari ya Iringa na Chupa ya Utomvu

Msomaji mpendwa, kama una motokaa, au kama hupanda motokaa ya ndugu yako mara kwa mara, nakuomba kabla hujaendelea kusoma ujiulize neno moja: gurudumu la akiba liko wapi? Usijibu upesi. Mimi nilijibu upesi, nikaaibika mbele ya mama yangu mzazi.

Ilikuwa Jumatano jioni, Dar es Salaam. Habari zilikuwa zimefika kutoka Iringa kwamba mama mdogo, nduguye mama wa tumbo moja, yu mgonjwa sana, tena kila aamkapo anamwulizia dada yake. Mama ana umri wa miaka 78, na safari ya basi haiwezi tena kwa ajili ya magoti. Basi tukapatana tuondoke alfajiri kwa motokaa yangu. Nilipokuwa napanga mizigo mama akasimama mlangoni akaniuliza, “Mwanangu, mpira wa akiba upo?”

“Upo, Mama,” nikamjibu bila kufikiri.

Nikafungua buti, nikainua zulia. Gurudumu halikuwapo! Mahali pake palikuwa na kisanduku, na ndani yake chupa moja na kipampu kidogo cha umeme chenye waya na bomba. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Nilikuwa nimeimiliki motokaa ile miezi 8, nimeiosha kila Jumamosi, wala sikujua haina gurudumu la tano. Mama akatazama kisanduku, akanitazama mimi, akasema tu, “Haya.”

Usinicheke, msomaji, maana huenda yako ni hivyo hivyo. Motokaa nyingi zilizotumika zinazotufikia kutoka Japani zimetengenezwa hivi. Watengenezaji waliliondoa gurudumu la akiba ili kupunguza uzito, kuokoa petroli na kupata nafasi ya mizigo. Badala yake huweka chupa ya maji mazito meupe kama maziwa. Maji hayo kwa kawaida ni utomvu wa mpira uliochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda kwa baridi. Ukiyatia ndani ya tairi lililotobolewa na msumari, kisha ukajaza upepo, upepo huyasukuma kuelekea kwenye tundu. Yanapojaribu kutoka nje, utomvu hushikana na kuziba tundu, kama vile damu igandavyo juu ya jeraha la kidole.

Lakini chupa hiyo si ya milele. Ina tarehe yake, kama dawa ya hospitali, na kwa kawaida huwa ni miaka michache tu. Kijapani sikijui, lakini tarakimu ni zile zile duniani kote, na chupa yangu ilionyesha 2019. Ilikuwa imekwisha miaka mitano. Nikakumbuka wale wanawali kumi wa Injili: wote walikuwa na taa, lakini watano hawakuwa na mafuta. Nikatoka upesi hadi maduka ya vipuri ya Kariakoo kabla hayajafungwa, nikatafuta gurudumu la akiba la kufaa. Sikulipata jioni ile. Nikapata chupa mpya yenye kijitabu cha Kiingereza, nikaisoma usiku ule kitandani mara mbili. Namshukuru Mungu kwa usiku ule.

Njia ya Iringa waijua? Kama hujapata kuipita, twende pamoja. Ukitoka Dar es Salaam wapita Kibaha na Chalinze katika msongamano wa malori, na baada ya kilomita 190 na ushei waona milima ya Uluguru imesimama nyuma ya Morogoro, kilele chake kimejifunika wingu hata siku za jua. Hapo wasafiri hula. Kisha wapita Melela na Doma, nchi inakuwa tambarare, nyasi zinakuwa ndefu, na mara waona vibao vya kukuonya upunguze mwendo, pamoja na faini ya kila mnyama utakayemgonga. Hapo umeingia Hifadhi ya Mikumi.

Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na jina lake latokana na miti ya mikumi, ile mirefu ya jamii ya minazi. Eneo lake ni kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu yaikata katikati kwa kilomita 50 hivi. Ni jambo la ajabu: abiria wa basi, ambaye hakulipa kiingilio, aona twiga, pundamilia, swala na tembo kutoka dirishani huku akila muhindi wa kuchoma.

Wazee wetu madereva wana kumbukumbu nyingine ya njia hii. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakatiwa mafuta yaliyopita kusini. Ikabidi malori yabebe mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia kwa njia hii, ambayo wakati ule sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Wakati wa masika ilikuwa tope na utelezi mtupu, na malori mengi yalianguka, hata watu wakaiita safari ya Jehanamu. Lami ilikuja baadaye. Siku hizi twateleza juu yake kwa raha, tukasahau kwamba gari lote, pamoja na watu na maombi yao, limekaa juu ya mipira minne, na kila mpira hugusa ardhi kwa kipande kisichozidi sana kiganja cha mkono. Mganga wa mifugo John Boyd Dunlop, aliyetengeneza mpira wa upepo huko Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, alitupa raha kubwa. Lakini msumari nao haukuchelewa kufika.

Sasa nakiri kosa langu. Tangu tulipopita Doma niliona usukani mzito kidogo na gari likivutwa kushoto. Nikajiambia ni barabara. Tulikuwa tumechelewa Kibaha kwa msongamano, na simu kutoka Iringa ilikuwa imelia mara mbili, kwa hiyo sikutaka kusimama. Tuliendelea hivyo kilomita nyingi. Ilipofika saa tisa alasiri, katikati ya hifadhi, zikiwa zimebaki kama kilomita 30 kufika mji wa Mikumi, nikasikia nyuma kama mtu apigaye ngoma iliyolowa maji. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelala.

Waelewa, msomaji, mahali tulipokuwa. Kulia malori yanapita, kushoto nyasi ndefu za mbugani. Katika hifadhi haturuhusiwi kushuka ovyo, na si kwa sababu ya sheria tu. Nikawasha taa za tahadhari, nikasogea kando mahali penye majani mafupi, nikaweka pembetatu nyuma. Matawi ya miti, ambayo madereva wetu huyatupa barabarani kama ishara, sikuyakata, maana ni hifadhi. Mama nikamwomba abaki ndani na kufunga vioo. Alikuwa ameshika rozari mkononi wala hakusema neno.

Hapo lori moja lililokuwa likienda Tunduma likasimama nyuma yetu. Dereva akashuka na utingo wake, akamwamkia mama kupitia kioo, “Shikamoo, Mama,” kisha akaniuliza, “Mzee, spea unayo?” Nikamwonyesha chupa. Akaigeuzageuza, akacheka kidogo. “Haya mambo ya Wajapani siyajui. Wewe fanya kazi yako, mimi nitaangalia nyasi.” Akasimama kweli, mgongo wake kwetu, akitazama mbugani mpaka mwisho. Sijui jina lake, lakini namwombea.

Sikiliza sasa nilivyofanya, maana huenda siku moja ukahitaji.

Kwanza nililitazama tairi. Chupa hii huziba tundu dogo la msumari katika sehemu ikanyagayo barabara, kwa kawaida lisilozidi milimita 4 hivi. Ikiwa ubavu wa tairi umepasuka, au tairi limechomoka katika ringi, usipoteze wakati, chupa haitakusaidia. Niliuona msumari, kichwa chake kimekaa katikati ya kashata za tairi. Sikuung'oa. Mkono huwasha kuung'oa, lakini uache. Wenyewe ni kizibo.

Pili, niliitikisa chupa vizuri, nikaiunganisha na kipampu, nikafungua kifuniko cha valvu, nikakaza bomba. Nikawasha injini ili betri isichoke, nikachomeka waya katika tundu la kiwashio cha sigara, nikawasha kipampu. Jambo hili usilifanye ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa moshi wa injini huua.

Mara mshale wa kipimo ukaruka ukapita 60! Utingo akapiga kelele, “Litapasuka, zima!” Mimi mwenyewe nilitaka kukimbia. Lakini kijitabu kilikuwa kimeniambia usiku ule: mwanzoni kipimo hupanda sana kwa sababu kinasukuma maji mazito kupita katika valvu nyembamba, subiri. Baada ya nusu dakika hivi mshale ukashuka wenyewe, kisha ukaanza kupanda polepole kama mzee apandaye ngazi: 10, 15, 20. Tairi likaanza kuinuka. Kipampu hiki hakipendi kufanya kazi zaidi ya dakika 10 mfululizo, maana hupata moto. Na kama katika dakika hizo upepo haukufika walau 26, basi tairi limeharibika mno, usiende nalo popote, mwite mtu akuvute. Langu lilifika 33 katika dakika ya nane. Nilipofungua bomba matone yakaruka juu ya shati langu, na mpaka leo alama zake hazikutoka.

Tatu, mara moja ondoka! Watu wengi hukosea hapa. Huona tairi limeinuka, wakakaa kupiga soga na kupiga picha. Maji yale hutuama chini ya tairi kama uji katika sufuria. Ni mwendo unaoyatandaza pande zote mpaka yafike penye tundu. Tukaenda polepole, lori nyuma yetu likitulinda. Baada ya kilomita 5 tukasimama, nikapima: 31. Laiti ingekuwa chini ya 19, safari ingekwisha papo hapo. Nikaongeza mpaka 33. Dereva wa lori akapiga honi mara mbili, akatupita, akaenda zake.

Saa kumi na nusu tukaingia Mikumi mjini. Na hapa, msomaji, ndipo lilipokuja jaribu lenyewe.

Tairi lilikuwa limesimama imara. Usukani ulikuwa mwepesi. Mpaka Iringa zilibaki zaidi ya kilomita 180, na simu ilikuwa imelia tena. Nilijisemea, “Tukikaza tutafika saa nne usiku.” Kijitabu kilisema: usizidi kilomita 80 kwa saa, na uende kwa fundi aliye karibu, kwa kuwa dawa hii ni ya kukufikisha kwake tu. Lakini kijitabu hakikuwa na mgonjwa Iringa. Nikamtazama mama. Akasema, “Mwanangu, amua wewe. Mimi nilikuuliza juu ya mpira jana.”

Neno lile lilinichoma. Nikageuza gari kuelekea kwa fundi pancha, chini ya mti ulioning'inizwa tairi kuukuu kama kibao cha duka.

Fundi alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Nikamwambia mapema kwamba ndani mna dawa, na yafaa nawe useme, kwa sababu fundi asiyejua humwagikiwa nguoni na machoni. Nilitazamia atoe msumari, achomeke ule uzi wa mpira, apokee fedha yake, tuondoke katika dakika 10. Angeweza kufanya hivyo, nami ningemshukuru. Badala yake akalitoa tairi katika ringi, akamwaga dawa ndani ya kopo, akaosha kwa maji, akapitisha mkono ndani. Mkono ukatoka una vipande vyeusi vya mpira, vimelowa, kama makapi ya chai.

“Shika hapa, mzee,” akaniambia. Ndani ya ubavu wa tairi palikuwa na mstari umezunguka pande zote, mpira umesagika, nyuzi zimeanza kuonekana. “Ulitembea bila upepo muda mrefu. Tundu la msumari ni dogo, naliziba sasa hivi. Lakini ubavu umekufa. Ukipanda nalo Kitonga na huyu mama, litapasuka. Mimi silizibi.”

“Nikikulipa mara mbili?” nikamwuliza. Naona haya kuandika maneno haya, lakini niliyasema.

“Hapana, mzee. Lala hapa. Asubuhi nitakutafutia jingine.”

Tukalala. Mama akapiga simu Iringa, wakampa mgonjwa azungumze. Nilisikia sauti nyembamba ikitoka katika simu, “Mwambie kijana asikimbie. Ninamngoja dada, siendi popote.” Mama akalia kidogo, kisha akalala. Mimi sikulala. Nilikuwa nikiuona ule mstari ndani ya tairi.

Asubuhi yule kijana alituletea tairi la kipimo chetu, jipya, akalifunga, akaosha ringi na valvu kwa uangalifu maana dawa ile hunata. Bei yake ilikuwa ya haki. Nikataka kumwongezea, akakubali soda tu.

Baada ya Mikumi nchi yabadilika. Vilima vinakaribia, kisha wateremka katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, lenye joto na mibuyu isiyohesabika, mingine imenenepa kama nyumba. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa kando ya njia katika mifuko myekundu. Halafu waanza kupanda Kitonga. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Njia imejipinda kama nyoka, malori yatambaa yakitoa moshi mweusi, na yale yashukayo yanapiga breki mpaka wasikia harufu yake. Hapa hakuna kando ya kusogea. Nilipofika kona ile iliyo kali kuliko zote, nikiwa nyuma ya lori la saruji, nilifikiria kama tungekuwa hapa jana saa mbili usiku, gizani, na ubavu uliokufa. Mama naye nadhani aliwaza hivyo hivyo, kwani alinigusa bega wala hakusema kitu.

Juu ya Kitonga hewa ni nyingine. Baridi, nyasi fupi, nyanya za Ilula katika matenga. Kisha waiona Iringa juu ya kilima, na Ruaha Mdogo ukipita chini yake. Saa saba mchana tulifika. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani, amefungwa kilemba kipya. Wakaamkiana kwa Kihehe, “Kamwene,” “Kamwene,” wakashikana mikono wasiachane. Walikaa pamoja siku 11 kabla Mungu hajamwita. Mama husema siku zile 11 zilimtosha.

Basi msomaji, neno langu kwako ni hili. Chupa ya utomvu ni msaada mzuri, nami siidharau. Bila hiyo tungelala mbugani. Lakini hutupa nafasi ya kufika kwa fundi, haitupi ruhusa ya kuendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Ndivyo ilivyo hata kwa mambo mengine yetu tuyazibayo kwa haraka, nyumbani na moyoni, tukaona yamesimama tukaongeza mwendo.

Kabla ya safari yako ijayo fungua buti, inua zulia. Kama kuna gurudumu, lipime upepo. Kama kuna chupa, soma tarehe, na ujifunze kuitumia ukiwa nyumbani, si mbele ya simba. Usukani ukikuvuta upande, simama utazame, hata kama umechelewa. Na ukimpata fundi akataaye fedha yako kwa ajili ya maisha yako, msikilize.

Mimi sasa nina gurudumu la akiba, na chupa pia. Na kila tuondokapo, mama huuliza tena. Simjibu upesi. Nashuka, nafungua buti, natazama, kisha ndipo namwambia, “Upo, Mama.”